Mchunga kwa Walioungua Ndani

Siku katika Nyumba ile hazikuwa na majina. Hapakuwa na Jumanne wala Ijumaa, palikuwa na lishe tu. Mtu akiulizwa mama yake alifariki lini, alijibu, "Lishe ya arobaini na tatu, ile ya asubuhi," na aliyeuliza akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kila walipoletwa sungura wapya wa majaribio hesabu ilirudi kwenye moja, kwa hiyo mama yule wa lishe ya arobaini na tatu huenda alikuwa amekufa mara nyingi, na huenda alikuwa hajafa bado. Kwa sababu hiyo hakuna aliyelia. Utamlilia vipi mtu ambaye hujui kama umeshamzika au ndiyo kwanza unamtafutia sanda?

Mji ulioizunguka Nyumba ulikuwa unasinyaa. Si fumbo hili, ulikuwa unasinyaa kweli. Uchochoro ambao zamani ulipitisha jeneza na wabebaji wanne, sasa ulipitisha jeneza na wabebaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wenye hekima zao wakasema ni watu ndio walionenepa. Kuta zilikuwa na utando wa manjano, kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria isiyooshwa, na utando ule ulikua taratibu, kimyakimya, bila kumuumiza mtu. Hapo ndipo penye hatari, mzazi mwenzangu. Kinachokuuma utakikimbilia dawa. Kisichokuuma unakikaribisha chai, kinakaa, mwisho kinakuwa mwenyeji na wewe ndiye unayepiga hodi.

Nambua alikuwa mlishaji wa Nyumba. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilimaliza kwa kusukumwa. Alijua kusoma, alijua kuandika jina lake, na alijua kuweka alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya vizimba. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili tu za kujaza. Amekula. Hajala. Zaidi ya hapo Nyumba haikutaka kujua.

Alikuwa na mtoto mmoja, Naetwe. Kwa desturi Naetwe alikuwa na miaka kumi na tisa, ila zilikuwapo asubuhi ambapo aliamka ana miaka saba, akaleta kitana akae katikati ya magoti ya mama yake asukwe. Wakati nywele zinafika nusu, mabega yalikuwa yamekwisha panuka, sauti imekwisha nenepa, ni mtu mzima analalamika kwamba anavutwa sana. Nambua hakushangaa. Kila mama anamjua mtoto wa aina hiyo. Kisichobadilika kilikuwa mguu wa kushoto. Katika umri wowote mguu ule ulikuwa baridi. Kilichosinyaza mji kilikuwa kimeingia kwenye mshipa wa paja lake, na sasa alikuwa anatembea hatua thelathini, anasimama, anaangalia kitu chochote kilichopo mbele yake kama vile alikusudia kukiangalia, mpaka maumivu ya shavu la mguu yapungue, ndipo anaanza tena. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kugeuka rangi. Hakuwa mlevi, hakuwa mlafi, hakuvuta hata sigara moja. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa ajili ya mguu huo Nambua aliomba kazi kwenye Nyumba. Na kwa ajili ya mguu huo Daktari Senkondo, mkubwa wa Nyumba, alimpa.

Senkondo hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu msomaji anapenda kupata mbaya mapema ili apumzike. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayepiga hodi hata kwenye mlango wa vizimba. Siku ya kwanza alimkalisha Nambua chini akamweleza kazi, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mama Naetwe, mshipa ni mfereji. Ukijaa tope, maji hayafiki shambani. Sasa sisi tunawalisha sungura hawa uji wa mafuta mpaka mifereji yao ijae. Ikishajaa, tunaizibua. Tunazo njia mbili. Ya kwanza, tunapitisha mpira mwembamba kutokea pajani, kichwani mwake kuna kiputo. Kikifika palipoziba tunakipuliza, kinasukuma tope pembeni."

"Na tope halirudi?"

"Linarudi. Ndiyo shida yetu. Kwa hiyo kuna njia ya pili. Tunatanguliza mwale wa leza, unapita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwale unalichoma tope kwanza. Kiputo kinafuata nyuma."

"Unalichoma."

"Unalichoma."

"Na mwenyewe sungura, haumwunguzi?"

Senkondo alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Kidogo. Kwa ndani. Haionekani."

Kisha akampa sharti. Sungura wakishazibuliwa, safu zote mbili ziendelee na uji uleule wa mafuta, vijiko viwili kila mmoja, lishe tisini, ili ionekane mishipa ya safu ipi itaziba tena na ya safu ipi itabaki wazi. Safu ya kiputo peke yake, sungura kumi na wawili. Safu ya mwale na kiputo, kumi na wawili. Ikiwa mwale utashinda, mtu wa kwanza kupandishwa mezani atakuwa Naetwe. Nambua alisema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia, lakini neno lililobaki masikioni halikuwa sharti. Lilikuwa lile la kabla yake. Kidogo, kwa ndani, haionekani.

Kwao Nambua, huko milimani, aliyeungua hapewi mafuta. Hapewi samli, hapewi nazi, hapewi nyama yenye ngozi. Anapewa mchunga, ule wa kuota wenyewe kandokando ya shamba, wenye utomvu mweupe na uchungu unaokaa ulimini mpaka kesho, na anakula mchunga mpaka ngozi irudi. Nambua mwenyewe alilishwa hivyo alipomwagikiwa uji mgongoni akiwa mdogo. Hakuna aliyeiita dawa. Ilikuwa adabu tu. Mafuta ni ndugu wa moto, walisema wazee wa kwao, na huwezi kumwuguza mtu kwa kumwitia ndugu wa aliyempiga.

Basi sungura wa kwanza walipoletwa kutoka kwenye mwale, wamelegea, paja limenyolewa, kitu kama harufu ya unywele ulioguswa na mshumaa kikitoka puani mwao, Nambua alimwangalia yule wa kizimba cha nne, na yule wa kizimba cha nne akamwangalia. Mkono wa Nambua ulikuwa umeshika kibakuli cha uji wa mafuta. Mkono huo ukaenda ukamwaga uji kwenye mtaro wa kuoshea vizimba. Jioni akatoka nyuma ya Nyumba, akachuma mchunga, akawagawia safu nzima ya mwale. Wa safu ya kiputo hawakuwa wameungua. Hao aliwapa mafuta yao kama alivyoagizwa, kijiko kwa kijiko, wala moyo wake haukusema neno.

Kwenye karatasi akaweka alama: Amekula.

Hakudanganya. Walikuwa wamekula.

Na angewapa mafuta tena siku ngozi yao ingerudi, hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Lakini ngozi ya ndani hurudi lini? Unaitazama kutokea wapi? Nambua alisubiri aone, na hapakuwa na cha kuona, na kwa kuwa hapakuwa na cha kuona akaendelea kuchuma. Lishe ya kumi tangu walipozibuliwa. Lishe ya thelathini. Lishe ya sitini. Uongo unahitaji mtu aukumbuke kila siku. Desturi haihitaji. Inaamka kabla yako, inavaa kanga, inakwenda kuchuma.

Aliyejua alikuwa mmoja, Mzee Charema, mwosha vizimba, mtu wa maneno mengi na meno machache.

"Mama Naetwe," alisema lishe fulani, ameegemea fagio, "huu mtaro wako una kitambi."

"Uoshe basi, Charema. Si ndiyo kazi yako."

"Naosha. Ila nakwambia, mtaro wa maskini hauna haki ya kunenepa kuliko mke wangu. Akija kuuona ataniacha."

"Atakuwa amechelewa. Angekuacha zamani."

Walicheka, kicheko kifupi cha watu walio kazini, kikaishia hapo. Charema alimwaga maji. Mafuta yaliyoganda yakasogea kidogo, yakakaa.

Lishe ya tisini tangu kuzibuliwa, kabla jua halijafika juu, Senkondo aliwakusanya wafanyakazi wote uani. Naetwe naye alikuwepo, ameitwa, amekaa kwenye benchi amenyoosha mguu. Daktari alishika picha za mishipa juu ya kichwa ili jua lipenye, na watu waliona vijito vyeupe kwenye giza.

Akasema safu ya kiputo, kati ya kumi na wawili, tisa wameziba tena.

Akasema safu ya mwale, kati ya kumi na wawili, hakuna hata mmoja.

Alisema kwa sauti ya chini na ilibidi arudie. Hakuna hata mmoja. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alilia. Senkondo akamwendea Naetwe akainama kama anaongea na mtoto, na kwa kitambo hicho Naetwe alikuwa na miaka saba, miguu haigusi chini, akaambiwa, "Binti, lishe ijayo ni yako."

Nambua hakusikia furaha wala hofu. Alisikia mikono. Ilikuwa mizito, imening'inia ubavuni kama ndoo mbili za mtu mwingine ambaye amemwomba amshikie mara moja kisha hakurudi. Aliona midomo ya watu ikimpongeza. Aliona Charema ameangalia chini, mtaroni.

Kisha alikwenda vizimbani akakaa kwenye sakafu, mbele ya kizimba cha nne, kwa sababu hakuna mahali pengine alipojua kukaa.

Katika hadithi tulizokua nazo, sungura ni mjanja. Anamwingiza fisi mtegoni, anamkopa simba mkia wake, anakunywa maji ya kisima alichokatazwa na kuondoka anachekea masharubu. Huyu wa kizimba cha nne hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa anatafuna. Na katika kutafuna kule, kwa namna mambo yalivyokuwa katika Nyumba ile, Nambua alimsikia akisema, au alijisikia yeye mwenyewe akisema kwa mdomo wa yule, maana sauti ilikuwa ya kwake.

Mimi ni nani kwenye picha ile. Wamesema mimi ni mwale. Nimeonyeshwa juani, nimepigiwa makofi, ni mwale. Lakini mimi ni mchunga. Au ni vyote. Au si chochote, ni kitu kilichokula alichopewa. Wewe je. Ulinipa ili nipone, au ulinipa ili wewe usinione. Sema. Usiseme. Hata ukisema, mshipa wangu uko wazi, sijui kwa nini uko wazi, na wewe hujui, na yule mrefu hajui, na ninyi wawili mnataka kumpandisha mtoto juu ya kutojua huko, alale chali.

Charema aliingia na ndoo. Alimkuta hivyo, akaiweka chini.

"Usifanye ninachokiona usoni mwako," alisema.

"Unaona nini?"

"Naona mtu anayetaka kwenda kusema. Mama Naetwe, mwanao kaitwa. Watu wanazeeka humu wanangoja kuitwa. Nyamaza, apande, apone, muondoke."

"Nikinyamaza atapona?"

"Mimi naosha vizimba, bibi. Mambo ya kupona sijayasomea."

"Mimi pia sijayasomea. Lakini mchunga nilichuma mimi."

Charema alivuta hewa kati ya meno yake machache. "Basi siku hizi zote ungeuchuma kwa sauti," alisema, akaondoka na ndoo yake.

Neno lile lilimpata. Hebu litupate na sisi, tunaolea. Tunamficha mtoto chakula chini ya kitanda baba asione. Tunamwambia mwalimu mtoto alikuwa na homa. Tunamsahihishia daftari. Tunajiambia ni huruma, na ni huruma kweli, lakini huruma isiyotajwa huwekwa kwenye hesabu ya mtu mwingine. Baba anasema mtoto ana nguvu. Mwalimu anasema mtoto ana akili. Halafu siku moja, kwa nguvu zile na akili ile ambazo hazikuwa zake, mtoto anaitwa avuke mto. Na wewe uko ukingoni, unajua.

Waliingia ofisini mama na binti, saa ile karatasi za ridhaa zinapotiwa sahihi. Senkondo aliwavutia viti yeye mwenyewe. Naetwe alikuwa amevaa gauni lake jema na amejipaka mafuta miguu yote miwili, hata ule mbaya. Mezani palikuwa na kalamu moja na karatasi moja. Dirishani, ukuta wa jirani ulikuwa umesogea karibu kiasi cha kuziba nusu ya mwanga.

"Daktari," Nambua alisema kabla hajakaa. "Wale wa mwale hawakula mafuta."

Senkondo alitabasamu, akidhani amesikia vibaya. "Karatasi inasema wamekula."

"Wamekula. Walikula mchunga."

Senkondo aliweka chini kalamu ambayo hakuwa ameishika vizuri.

"Wangapi?"

"Wote kumi na wawili."

"Tangu lini?"

"Tangu walipotoka mezani. Lishe zote tisini. Uji niliumwaga."

"Kwa nini, mama?"

"Walikuwa wameungua," Nambua alisema. Alipoona jibu halijatosha akaongeza, "Wewe mwenyewe uliniambia wanaungua kwa ndani. Kwetu aliyeungua hapewi mafuta."

Senkondo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, na haikuwa na vumbi. Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi hakukaa.

"Nisikilize, Mama Naetwe. Neno likiwa bado bichi linaweza kurudi lilikotoka. Tuko watatu humu. Ukiniambia sasa hivi kwamba furaha imekuchanganya, nitakubali, na binti atapanda mezani lishe ijayo. Na sikwambii hivyo kwa ujanja. Huenda mwale unafaa kweli. Mchunga wako haujaonyesha kwamba haufai. Umefanya tusijue, basi. Lakini ukilirudia ulilolisema, nitalazimika kuwa nimelisikia. Nitafuta safu nzima. Watakuja sungura wengine, tuanze moja. Lishe sitini za kuwaziba, tisini za kungoja." Aliuangalia mguu wa Naetwe, akaacha kuuangalia. "Mguu huu sidhani kama una subira hiyo."

Hapa ndipo Nambua alipouona ukubwa ulivyo, na ulikuwa kitu kidogo kuliko alivyodhani. Alidhani ukubwa ni kusema watu wakatii. Kumbe ukubwa ni kuweza kuchagua ulichosikia. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusikia kila kitu: kelele za jirani, matusi ya sokoni, mtoto kugeuka kitandani. Hakuwahi kuwa na mlango wa kufunga masikio. Sasa mtu alikuwa amemfungulia mlango huo, amemshikia, anamwambia karibu, pita, na ndani yake kulikuwa na mguu wa mwanawe.

Akamtazama Naetwe. Naetwe alikuwa na miaka saba, akawa na kumi na tisa, akawa bibi mwenye gongo na upande mmoja wa gauni umekunjwa na kubanwa kwa pini. Wote watatu walikuwa wanamwangalia, na wote watatu walikuwa na uso uleule wa kutaka ajibu vizuri. Lipi vizuri? Ukinyamaza, mtoto analala chali akiamini, na kile kinachoingia pajani mwake ni kitu ambacho hakuna mtu duniani anayejua kinafanya nini, isipokuwa mama yake anajua kwamba hakijulikani. Ukisema, hakiingii.

"Sungura wa mwale hawakula mafuta," Nambua alisema. "Walikula mchunga. Niliwapa mimi."

Senkondo alikaa. Akavuta karatasi nyingine, akaanza kuandika, na ile ya Naetwe akaigeuza uso chini.

"Mama," Naetwe alisema.

"Sema, mwanangu."

Naetwe alikuwa anaangalia mguu wake unavyong'aa kwa mafuta.

Walitoka. Uchochoro ulikuwa mwembamba ikabidi watangulizane, binti mbele, mama nyuma. Hatua thelathini. Naetwe akasimama, akaangalia ukuta. Aliongea na ukuta.

"Ungenyamaza."

"Ningenyamaza."

"Ingeweza kufaa. Kasema mwenyewe, huenda unafaa."

"Kasema."

"Watu wanapona kwa kuamini tu, mama. Wako watu hivyo."

"Sungura hawakuamini kitu, Naetwe. Walikula majani."

Hatua thelathini nyingine. Hapa mama aliweka kiganja chake mgongoni mwa binti, binti akakiondoa, si kwa hasira, kama unavyoondoa jani.

"Ulimwonea huruma sungura," Naetwe alisema, "mimi ukanifungia njia."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo. Jitetee."

"Sina la kujitetea."

"Tafuta."

Nambua alitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepekua pindo la kanga kwa ajili ya sindano anayojua hakuiweka. "Sikutaka upande juu ya kitu nilichokiharibu mimi," alisema mwishoni. "Ungekufa mezani, ningekuwa nimekulaza mimi. Ungepona, ningekaa maisha yangu yote siangalii mguu wako. Yote mawili sikuyaweza."

"Kwa hiyo ulijiokoa wewe."

"Huenda."

Naetwe aliugeukia uso wa mama yake kwa mara ya kwanza tangu ofisini. "Angalau hilo umelisema kwa sauti," alisema, wakaendelea.

Safu zote mbili zilifutwa, sungura ishirini na wanne. Charema aliosha vizimba bila utani. Nambua alikwenda kwa Senkondo kumrudishia aproni, akijua kwamba kazi imekwisha, naye Senkondo akaisukuma aproni upande wa pili wa meza.

"Sikufukuzi," alisema. "Mlishaji mwingine nitamjuaje? Wewe najua unavyokosea."

Wakaletwa wengine. Lishe ya kwanza. Lishe ya kumi. Nambua aliwapa uji wa mafuta, wote, wakanona, mishipa ikasinyaa ilivyotakiwa. Mjini, uchochoro wa nyumbani kwao ulikataa kupitisha jeneza la aina yoyote, na watu wakaanza kuwazika wafu wao uani. Kidole gumba cha Naetwe kilikuwa cheusi lishe ya ishirini. Lishe ya hamsini kilikatwa, na cha pili yake, na yeye aliamka siku hiyo ana miaka saba akauliza vimekwenda wapi, ikabidi aelezwe, na akakua katikati ya maelezo.

Lishe ya sitini na moja, safu ya mwale ilitoka mezani. Kumi na wawili, wamelegea, mapaja yamenyolewa, harufu ileile puani. Nambua alikoroga uji. Alipogeuka, Naetwe alikuwa mlangoni na gongo lake. Alikuwa hajawahi kufika huku ndani. Alivuta debe tupu, akaligeuza, akakaa, mguu uliofungwa kitambaa ameunyoosha mbele.

"Umefuata nini?" Nambua aliuliza.

"Nimekuja kukusimamia."

Mama alikwenda kizimba cha kwanza, akaweka kibakuli. Cha pili. Cha tatu. Mikono ilikuwa mizito, lakini ilikwenda, na sasa ilikuwa ya kwake. Cha nne alikuwamo mwingine, mdogo kuliko wa zamani, sikio moja limelala. Alinusa kijiko kimoja cha uji alichotiliwa, akarudi nyuma, akamwangalia. Nje, nyuma ya Nyumba, mchunga ulikuwa umeota mpaka dirishani. Tangu ule wa mwisho hakuna aliyeuchuma.

"Wamekula?" Naetwe aliuliza.

"Mmoja bado."

"Ngoja."

Wakangoja. Hakuna aliyehesabu. Mama alisimama na kijiko, binti alikaa kwenye debe, na kati yao yule aliyeungua ndani alijivuta mbele kidogo, akarudi, akajivuta tena, akatia mdomo. Alianza kulamba. Alilamba mpaka chini, masharubu yakang'aa.

"Amemaliza," Nambua alisema.

Naetwe alijiinua kwa gongo, akasogea, akainama mpaka akakiona kibakuli kwa macho yake mwenyewe.

"Kipimo chake ni vijiko viwili," alisema. "Mwongeze."

Nambua akamwongeza.